Vyumba Saba vya Kutu

Usiku wa kuamkia Alhamisi niliota nimechelewa kazini, ingawa katika ndoto hiyo nilikuwa nimelala hapohapo kazini, juu ya meza, nimejifunika faili.

Kabla sijaendelea niseme kwanza yale ambayo hayakuwa ndoto.

Ni kweli kwamba kwa miezi saba nimekuwa nikijitolea katika ofisi moja ya kilimo huku milimani Lushoto. Ni kweli kwamba Bibi Hoziana Shemdoe, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, analima rasiberi, yale matunda mekundu laini ambayo ukiyachuma yanaacha kitovu chake mtini. Ana mashina sitini na manne. Yote yametokana na chipukizi moja alilopewa na masista wa misheni zamani, na hana shamba jingine.

Ni kweli pia kwamba chini ya majani ya mashina hayo paliota unga wa rangi ya chungwa. Niliuona mimi mwenyewe, nikamwambia Bibi kwamba hiyo ni kutu. Si kutu ya mabati, bali ni kuvu anayekula jani likiwa hai. Nikamwomba achume majani machache yenye unga ili yapimwe. Alichuma yote, kikapu kizima, ili serikali isipungukiwe, na akayafunga kwenye kitambaa chake cha kanisani. Ofisi ikayapeleka maabara. Maabara ikajibu: "Majani yamepokelewa. Ni safi. Ugonjwa haukutambulika."

Mtu angedhani hiyo ni habari njema. Lakini Mwongozo wa ofisi yetu, kifungu cha tisa, unasema mmea wenye ugonjwa usiotambulika ung'olewe na kuchomwa moto, na ardhi ikae miaka mitatu bila kupandwa. Kutu ziko za aina nyingi. Iko inayoingia mpaka mizizini, na hiyo kweli dawa yake ni jembe. Iko inayoishia kwenye majani, na hiyo unachuma majani mabovu, unayachoma, basi. Ya Bibi Hoziana ni ipi? Hatukuwa na jani la kutujibu. Mabovu yote yalishakwenda, nayo yalikuwa safi. Shughuli ya kung'oa ikapangwa Alhamisi saa nne asubuhi. Turubai lilishakodiwa na mgeni rasmi alishaalikwa, kwa hiyo hakuna aliyeona namna ya kuahirisha.

"Miaka mitatu," Bibi Hoziana aliniambia Jumatano jioni, kanishika mkono. "Mwanangu Nakiete, hiyo mitatu mimi nitaitoa wapi?"

Kisha akanipa chupa ya jamu, mdomo umefungwa kwa kitambaa cheupe. Mtu anayeng'olewa shamba kesho yake ananipa jamu. Nilikwenda nayo nyumbani, nikaiweka karibu na mto, nikalala macho yamevimba.

Hayo ndiyo ya kweli. Sasa ndoto.

Ninashuka juu ya meza, ninatoka koridoni. Kwenye benchi la wanaosubiri ameketi jani la rasiberi. Lina kimo cha mtu mzima aliyekonda. Vishipa vyake vimechanwa upande mmoja, limepakwa mafuta ya nazi, na linanukia sabuni ya mche.

"Shikamoo," linaniambia.

"Marahaba. Una umri gani?"

"Wiki saba."

"Umeletwa na nini?"

"Ugonjwa."

Nililitazama mbele, nikaliomba ligeuke, nikalitazama nyuma. Linang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

"Mbona huonekani kuumwa?"

"Naumwa sana," jani linajibu, kwa fahari ya mtu aliyelelewa vizuri. "Ila nimejitengeneza. Siwezi kuja ofisini hivihivi."

Niliona ni jibu la busara, nikaliandika kwenye daftari.

Mlango ukafunguka. Ikatoka hadubini ya ofisi, chombo chetu cha kutazamia vitu visivyoonekana kwa macho. Ina jicho moja na shingo iliyopinda kwa kuinama miaka mingi.

"Anayefuata!"

Jani likaingia, likajilaza chini ya jicho, likakunja mikono kifuani. Hadubini ikainama. Ikatazama kwa muda mrefu, huku ikipumua kwa pua. Halafu ikaandika, na kila ilichoandika ikakisoma kwa sauti:

"Jani. La kijani. Limependeza."

"Mzee," nikasema, "huyu ni mgonjwa."

"Binti, mimi natazama nilicholetewa. Ningeletewa ugonjwa ningeuona. Nimeletewa bi harusi."

"Tafadhali tazama tena. Kuna shamba la mtu."

"Nikitazama tena litapendeza zaidi. Anayefuata!"

Hapakuwa na anayefuata. Hadubini ikapiga muhuri hewa, kwa sababu karatasi zilikuwa zimekwisha, na hewa ikabaki na alama ya bluu.

Ndipo akaingia Bwana Singano, mkuu wetu wa kitengo. Ameubeba Mwongozo mgongoni kwa kitenge, kama mtoto mwenye homa. Mwongozo ni mnene, una kurasa mia nne na tai shingoni. Anaubembeleza.

"Lala, lala," anauambia. "Nani kakuamsha?"

"Nimesikia neno 'tazama tena'," Mwongozo unasema kwa sauti ya usingizi. "Hilo neno halimo kwangu. Someni kifungu cha tisa."

Bwana Singano akasimama wima. "Kisichojulikana jina, king'olewe."

"Rudia."

"Kisichojulikana jina, king'olewe!"

Mara jembe likaingia. Limevaa fulana mpya iliyochapishwa NG'OA KWA USALAMA, na chini yake jina la wafadhili, ambalo limefutika kidogo. Lilinisalimia vizuri. Nadhani lilikuwa jembe la heshima, lililopewa kazi mbaya.

"Naanzia wapi?" likauliza.

"Anzia hapahapa," unasema Mwongozo. "Sheria huanzia nyumbani."

Jembe linakwenda kwenye kiti. "Hiki kinaitwaje?"

"Kiti," tunajibu sote.

Linapita. Linafika kwenye printa, linaonyesha kile kitu cha pembeni ambacho lazima ukibonyeze kwa kalamu ndipo karatasi itoke. "Na hiki?"

Tukatazamana. "Kidude," akasema Bwana Singano.

"Kidude si jina."

Likaking'oa. Kilitoka na mizizi myembamba myeupe, na printa ikapiga ukelele mmoja kisha ikaanza kufanya kazi vizuri kuliko siku zote. Hakuna aliyeshangaa.

Jembe linafika mlangoni. Amesimama mama anayetuletea chai, chupa ya chai mkono mmoja, vikombe mkono mwingine.

"Huyu anaitwaje?"

"Mama Chai," anasema Bwana Singano haraka.

"Hiyo ndiyo kazi yake. Jina?"

Mimi nami nikafikiri. Miezi saba nimekunywa chai yake kila siku, na siku niliyofiwa na shangazi alinikazia sukari bila kuniuliza. Nikatafuta jina lake kichwani, nikakuta chai tupu.

"Samahani, mama," likasema jembe.

"Fanya haraka basi, chai inapoa," akajibu.

Alitoka kwa shida. Alikuwa pale miaka tisa, na mizizi yake ilikuwa imepita chini ya makabati yote ya mafaili mpaka uani. Alipong'oka ofisi nzima iliinama upande mmoja, na mafaili yakateleza yakakaa upande wa mlango. Walimweka kando pamoja na kidude.

Kisha jembe likanigeukia.

"Na huyu?"

"Huyu?" Bwana Singano ananitazama kwa upole, kama mtu anayetazama koti aliloliacha kwa fundi. "Huyu ni binti wa kujitolea."

"Jina?"

"Binti. Sisi tunamwita binti."

"Naitwa Nakiete," nikasema. "Nakiete Elifuraha Mgonja."

"Mwenye jina haruhusiwi kujishuhudia," unasema Mwongozo huku unapiga miayo. "Kifungu cha kumi. Kuna shahidi?"

Nikatazama kila uso. Nikatazama jani, lakini lilikuwa linajikagua kwenye kioo cha dirisha. Nikatazama miguu yangu. Vidole vimetoboa viatu na kuzama kwenye saruji. Mizizi yangu ilikuwa mifupi na laini, ya miezi saba tu, lakini ilikuwa imeshikilia. Sikujua kwamba nilikuwa nimeipenda ile ofisi kiasi hicho.

"Sina ubaya na wewe, dada," likaniambia jembe.

"Najua," nikasema.

Likainuka, likashuka. Haikuuma. Nilisikia kama kufunguliwa kitasa, kisha nikawa nasafiri kwenda chini, nikapita udongo mwekundu, nikapita udongo mweusi, na nikatokeza kichwa kwanza katikati ya shamba la Bibi Hoziana, mstari wa tatu.

Kumekucha. Turubai limesimama. Viti vya plastiki vimepangwa, na vimekaliwa na viti vingine vya plastiki, kwa kuwa watu wamechelewa. Kipaza sauti kinatembea chenyewe huku na huku, kinashereheka.

"Itifaki imezingatiwa!" kinasema. "Kama haikuzingatiwa, ichukuliwe kwamba imezingatiwa! Tumpokee mgeni rasmi, aliyetoka mbali, mpaka tumefika hapa kwa ajili yake. Makofi!"

Viti vinapiga makofi.

Meza kuu ina kitambaa, maua na chupa ya maji. Nyuma yake ameketi bwana mmoja amevaa koti la rangi ya chungwa lililojaa unga. Kila akipumua, unga unaruka kidogo na kutua palepale. Nilimjua mara moja, ingawa hatukuwahi kutambulishwa. Alikuwa Kutu.

Nikamsogelea, udongo bado nyweleni.

"Karibu ukae," akasema. "Ningekupisha, lakini nimekaa kwenye kadi ya mwaliko. Mara ya kwanza maishani kualikwa."

"Mbona hunywi maji?"

"Siwezi kunywa kilichofungwa kwenye chupa. Mimi hula na kunywa kwa mwenyeji aliye hai, basi. Akifa mwenyeji, nami sina chakula. Ukiniweka kwenye kisahani cha maabara na sukari ya aina zote nitakutazama tu." Akapunguza sauti. "Dada, niulize kitu. Eti hawa wenzako wanamng'oa mwenyeji wangu, wanamchoma moto, kwa sababu yangu?"

"Ndiyo."

"Na aliyeniuliza naishi chumba gani ni nani?"

"Hakuna."

Akatikisa kichwa. Unga ukatua begani mwangu.

"Mimi ni mgeni mbaya, sikatai. Nakula majani ya watu. Lakini nakaa kwenye majani, sebuleni. Siingii chumba cha kulala. Nina binamu yangu, huyo ndiye huingia mpaka mizizini, akajifungia kwa ndani, na kumtoa ni mpaka uvunje nyumba. Watu wanatuchanganya kwa sababu ya koti. Ni koti tu! Mtu anahukumiwa kifo cha jirani yake kwa ajili ya koti!"

Akaninyooshea kidole kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kati ya nguzo mbili. Yameanikwa makoti matatu, na nafasi ya mawili.

"Hilo la njano navaa nikiwa ndiyo kwanza nimefika. Lile la chungwa iliyopauka, nikianza kuzoea. Hili nililovaa la chungwa iliyokolea ndilo la kazi. Lile jeusi la kulalia."

"Na hilo la tano?"

"Halina rangi. Ukiliona limeanguka nirudishie, nalitafuta tangu asubuhi."

Nikamshika mkono. Ukawa kama kushika unga wa muhogo. "Baba, niambie jina lako. Nikipata jina tu, shamba linapona."

"Jina langu halisemwi mbele ya kipaza sauti. Linahesabiwa."

Akaenda kambani, akavua koti la chungwa, akavaa jeusi. Palepale akarefuka. Miguu miwili ikawa mmoja, mrefu na mweupe, na kwa mguu huo mmoja akasimama bila kuyumba. Kichwani akawa na kikofia chenye ncha. Mwili wake ukagawanyika vyumba, kimoja juu ya kingine, kama ghorofa nyembamba ambayo hakuna aliyeipa kibali.

"Hesabu."

"Kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne. Vitano. Sita. Saba."

"Saba. Binamu yangu wa mizizini hajengi ghorofa. Ana viwili tu, na kofia hana. Tukiwa unga kila mtu anatuchanganya. Tukiwa chini ya hadubini, asiyeweza kututofautisha ni asiyejua kuhesabu."

"Sasa kwa nini hadubini haikukuona?"

"Ningeonekanaje, na sikuwepo? Nilitolewa."

"Na nani?"

Hakuwahi kujibu. Ngoma ya mdundo ikapigwa, na jembe likaingia shambani. Nyuma yake Bwana Singano, Mwongozo mgongoni, na nyuma yao moto unatembea taratibu, umeshika kadi ya mwaliko.

Bibi Hoziana alikuwa amekaa kiti cha mwisho kabisa, gauni lake la kanisani, kitambaa cheupe mapajani. Alipoliona jembe akasimama.

"Hodi," likasema jembe.

"Karibu. Chai iko."

"Ahsante bibi, niko kazini." Likaonyesha shina la kwanza. "Hili linaitwaje?"

Nikafumba macho.

"Huyo Shemweta," akasema Bibi Hoziana. "Ndiye aliyenichimbia shimo la kwanza."

Jembe likasita. "Na hili?"

"Mama Mbelwa. Alinifunga mguu nilipovunjika. Tunda la kwanza la hilo shina alikula yeye."

"Hili?"

"Sista Yudita. Mkali, miiba yake usiisogelee."

"Hili lililoinama?"

"Marehemu mume wangu. Hata yeye alikuwa hivyohivyo, ukimwegemeza hapa anaangukia kule."

Viti vikacheka. Jembe likaendelea, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bibi Hoziana hakukosea hata shina moja. Palikuwa na mwalimu, palikuwa na dereva wa gari la mawe, palikuwa na mtoto aliyezaliwa njiani kwenda zahanati. Fulana ya jembe ilikuwa imelowa jasho mpaka maandishi yanasomeka NG'O.

"Na hili dogo, la mwisho?"

"Huyo ni Nakiete," akasema Bibi. "Nilimpanda siku alipokuja kunionyesha kupunguza matawi. Alijikwaruza mkono mzima, na hakusema aa."

Nilisikia kitu chini ya miguu yangu. Mizizi yangu ilikuwa inarudi ardhini, taratibu, bila kuniomba ruhusa.

Mwongozo ukakohoa mgongoni kwa Bwana Singano. "Mashina yana majina. Vizuri. Ila kifungu hakisemi shina. Kinasema ugonjwa. Asiye na jina hapa ni yule!"

Jembe likageukia meza kuu, ambako Kutu alikuwa amesharudia koti lake la kazi na kuketi. Likainuka. Likashuka. Likapita katikati yake kama linavyopita katikati ya moshi. Likainuka tena, likapita tena. Likaanza kutetemeka.

"Bosi," likasema. "Huyu hana mzizi! Mimi sikufuliwa kwa ajili ya vitu visivyo na mizizi!"

"Tumpigie makofi," kikasema kipaza sauti.

"Basi," akasema Bwana Singano, baada ya kufikiri sana, "ng'oa pale anapokaa. Ng'oa yote."

"Ngojeni!" nikapiga kelele. "Ana jina! Nimehesabu vyumba vyake! Ni wa majani, siyo wa mizizi!"

"Ushahidi?" unauliza Mwongozo.

"Huyu hapa! Mwiteni hadubini, amtazame mwenyewe!"

Hadubini ikaletwa imebebwa kwenye machela. Watu, yaani viti, wakasogea mbele. Kutu akainuka, akajinyoosha, akawa tayari kuonekana.

Na hapo ndipo Bibi Hoziana akamwona vizuri.

"Jamani!" akasema, mikono kichwani. "Mgeni rasmi ana vumbi hivi, na hamniambii!"

"Bibi, hapana," nikasema.

"Atasema nini akirudi kwao? Nitaficha wapi uso wangu?" Akamkimbilia na kile kitambaa cheupe. Akamfuta bega, akamfuta kifua, akamfuta kwa upole na kwa heshima zote, kama mtu anayempangusa mtoto kabla ya ubatizo. "Samahani baba. Samahani sana. Nyanyua mkono kidogo. Hivyo hivyo."

"Bibi, acha! Utammaliza!"

"Mwanangu, usafi haujammaliza mtu."

Kila alipopita, Kutu alipungua. Ukaenda mkono, ukaenda ukosi wa koti, kikabaki kichwa kilichonitazama kwa masikitiko ya mgeni asiyetaka kumwudhi mwenyeji. Mwishoni kiti kilikuwa kitupu, kinang'aa.

Hadubini ikainama juu ya kiti. "Kiti," ikasoma. "Cha plastiki. Kimependeza."

Jembe likainuliwa juu ya shina dogo la mwisho. Bibi Hoziana anakunja kitambaa, anakigeuza, upande wa nje unaingia ndani, anafungia mdomo wa chupa ya jamu. Na kutoka ndani ya kitambaa ninasikia sauti ndogo, ya unga:

"Niko huku. Waambie wasinifue."

Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Kuku wa jirani wanagombana. Nimelala kwangu, na viatu vyangu viko mlangoni, vizima. Nilikaa kitandani kama dakika tano nikijiambia kwamba mtu mwenye shahada hapigi simu kwa sababu ya ndoto. Kisha nikapiga.

"Bibi Hoziana, shikamoo."

"Marahaba, Nakiete. Wameshaanza safari?"

"Bado. Bibi, yale majani ya kupimwa. Uliyaosha?"

Nikasikia kuni zinalia motoni upande wake.

"Sasa mwanangu," akasema, "wewe ulitaka niyapeleke serikalini machafu?"

Nikasogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Niliyafuta ule unga kwanza, moja moja, ndiyo nikayaosha. Sabuni ya mche tu, siyo ya unga, isije ikayaunguza. Nikayapaka mafuta kidogo. Siku nzima ile! Au nilikosea?"

"Ulifutia nini, Bibi?"

Hapo akashusha sauti.

"Usinione vibaya," akasema. "Kitambaa changu kizuri niliwafungia wale wa ofisini, maana ni wageni. Hicho cha kufutia nilikikung'uta, nikakigeuza, nikafungia jamu yako. Nikasema Nakiete ni wa nyumbani."

Nikaitazama chupa. Kitambaa kilikuwa cheupe kabisa. Nikalegeza uzi kwa ukucha, nikainua pindo kwa ndani. Unga wa rangi ya chungwa ukaniganda kwenye kidole gumba, na ndani ya unga huo punje nyeusi, ndogo kuliko punje ya pilipili manga iliyosagwa.

Nilikwenda ofisini nikiwa nimeikumbatia ile chupa kwa mikono miwili, sikukimbia, nisije nikajikwaa. Mama wa chai ndiye anayefungua mlango.

"Mama," nikamwambia, "jina lako nani?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Leo umeota nini wewe? Naitwa Erasta."

"Naomba unifungulie chumba cha hadubini, Mama Erasta."

Saa mbili kasoro robo niliweka punje nyeusi kwenye kioo, tone la maji juu yake, nikainama. Mwanzoni ni ukungu mtupu. Nikazungusha taratibu.

Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mrefu na mweupe, kikofia chenye ncha kichwani. Nikahesabu kutoka chini kwenda juu. Nikamwita Mama Erasta naye ahesabu, maana mwenye kuona naye anahitaji shahidi. Akafikia saba, akaniuliza hao saba ni akina nani.

Nikachukua fomu, nikajaza: kutu ya majani, si ya mizizi, mashina yaachwe. Mahali pa jina la mtazamaji nikaandika majina yangu, yote matatu. Mahali pa shahidi Mama Erasta akaandika lake. Nikaiacha mezani kwa Bwana Singano, juu kabisa ya Mwongozo, masaa mawili na dakika tano kabla ya saa nne.

Halafu nikarudi kwenye hadubini, nikainama tena, nikamwamkia Kutu.